Punda Mweupe wa Bibi Salme

Gari la kwanza lilikuwa bado halijateremshwa kwenye bandari zetu, lakini wazazi wa pwani walikwisha kulijua swali linalotugombanisha leo harusini, misibani na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo: mzazi mwenye uwezo amnunulie mwanawe kijana chombo cha fahari cha kutembelea, au asimnunulie? Wengi husema jambo hili ni jipya, limeletwa na televisheni na pesa za haraka. Si kweli. Hebu twende Unguja ya miaka ya 1840 na 1850, kwenye kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji, tukaone tajiri mmoja alivyolijibu.

Tajiri mwenyewe ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Shahidi wetu ni binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kufariki Ujerumani mwaka 1924 akiitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Wasomaji wengi hukikimbilia kitabu kile kwa ajili ya mapenzi na kutoroka kwake. Mimi kila nikikirudia najikuta nimesimama kwenye kurasa za utoto, pale anapoeleza habari za farasi na punda.

Anasimulia kwamba watoto wa Sultani walifundishwa kupanda wanyama kwa bidii, asubuhi na jioni, chini ya uangalizi wa watu wazima. Mtoto akishaonekana ameiva, anaweza kujitunza mwenyewe juu ya tandiko, ndipo baba anafungua mkono. Mvulana aliruhusiwa kwenda kuchagua farasi wake katika zizi la Sultani. Msichana alipewa punda mweupe wa Maskati, pamoja na matandiko yake yote. Na usimcheke punda huyo! Salme anatuambia kwamba mara nyingi punda wa namna hiyo alikuwa ghali kuliko farasi wa kawaida. Kwa lugha ya leo, binti hakupewa kigari kilichotumika kutoka Japani. Alipewa gari la milango mizito, lenye viti vya ngozi.

Nakiri kuna jambo ninalolipenda katika utaratibu ule. Ujuzi ulitangulia, zawadi ikafuata. Hakuna aliyepewa farasi kwa kuwa amefaulu mtihani, wala kwa kuwa mtoto wa jirani anaye. Alipewa kwa kuwa ameonyesha kwamba hataanguka, wala hatamwangusha mwenzake. Siku hizi mara nyingi tunaanza na funguo zenye utepe mwekundu, tunapiga picha, halafu ndiyo tunauliza nani atamfundisha dogo kuendesha. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Injini kubwa haimwongezei kijana busara. Inampunguzia tu muda wa kufikiri kabla ya kona.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Watoto wa kiume wa Sultani walipofikia utu uzima, yaani miaka 18 hadi 20 hivi, na baba akaridhika nao, walipewa makubwa zaidi: nyumba, watumishi, farasi na posho ya kila mwezi. Majid, kaka aliyempenda sana Salme, alipata nyumba yake ya Beit al Watoro akiwa bado kijana mbichi, na mwaka 1851 Salme na mama yake wakahamia kwake. Baba yao alipofariki baharini Oktoba 1856, Salme mwenyewe alitangazwa kuwa mtu mzima. Alikuwa na miaka 12! Akapokea mirathi yake: shamba lenye nyumba, na paundi 5,429. Yaani mtoto wa umri wa darasa la sita anamiliki shamba.

Sasa tuulize swali ambalo watoto wale hawakufundishwa kuliuliza. Nani alilipia?

Jibu linajulikana. Utajiri wa Unguja ya wakati ule ulisimama juu ya karafuu, pembe za ndovu na watu. Karafuu zilichumwa na watumwa. Punda mweupe wa Maskati aliyetandikwa kwa fahari pale Mtoni alikuwa amenunuliwa kwa migongo ya watu ambao majina yao hatuyajui. Mama yake Salme, Jilfidan, naye aliletwa akiwa mtoto, Mcherkesi aliyetekwa na kuuzwa, akawa suria. Ungetegemea basi binti aliyezaliwa na mama wa namna hiyo awe wa kwanza kuuona utumwa kwa jicho kali. Hakuuona hivyo. Akiwa na zaidi ya miaka 40, amekaa Ulaya karibu miaka 20, ameujua ufukara, bado aliandika sura nzima kuutetea utumwa wa nyumbani kwao.

Simhukumu peke yake. Alikuwa mtu wa wakati wake na wa tabaka lake. Ila sura ile hunifundisha jambo kila ninapoisoma. Raha ikimfikia mtoto ikiwa tayari imeshapikwa, huficha jiko. Mtoto huona punda, haoni shamba. Nasi wa leo tusijidanganye kwamba tumeokoka. Gari la milioni kadhaa mlangoni lina dereva aliyekopwa mshahara, lina dada wa kazi ambaye nauli ya kwenda kwao ni mgogoro, pengine lina mkopo wa benki ambao baba hajaumaliza. Kijana haonyeshwi hayo. Anaonyeshwa rangi na rimu.

Afrika Mashariki tuliwahi hata kulipa tabaka zima jina kwa sababu ya gari. Baada ya uhuru, wakubwa wapya walipoanza kupita na Mercedes-Benz zao, watu wa kawaida hawakuhangaika kutafuta istilahi. Wakawaita Wabenzi, kama vile wanataja kabila jipya lililohamia mjini. Ni mzaha, lakini una ukweli ndani yake: gari huzungumza. Likipita mtaani linawaambia waliosimama kituoni wao ni akina nani na wewe ni nani. Mtu mzima anaweza kuichagua lugha hiyo akijua anachosema. Tukimvalisha kijana wa miaka 18, tunamtia mdomoni maneno ambayo hajayafikiria.

Turudi kwa Salme, maana kisa chake kina upande wa pili. Wakati anapewa punda ghali kuliko farasi, kuna kitu kingine alinyimwa, kitu ambacho bei yake ilikuwa karibu na bure: kuandika. Wasichana wa kasri walifundishwa kuisoma Kurani. Kalamu ilikuwa ya wavulana. Basi binti huyu akajifundisha kwa siri. Alichukua msahafu, akaziiga herufi moja baada ya nyingine juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Hakuna aliyempa tandiko la kazi hiyo.

Mwaka 1859, ndugu yao Barghash alipojaribu kumpindua Majid, waasi walihitaji mtu wa kuandika barua. Salme, binti wa miaka 15, akawa karani wao. Hapo kuna la kujadili, maana Majid alikuwa amemlea kama baba, na jaribio lenyewe lilishindwa vibaya, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Ujuzi peke yake haukumpa hekima. Lakini tazama: katika vyote alivyokuwa navyo, kilichomfanya ahitajiwe ni kile alichojitafutia mwenyewe kwenye mfupa.

Mengine mnayajua. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza. Aden akabatizwa na kuolewa, kisha Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Mashamba ya karafuu hayakuwa tena mkononi mwake. Mirathi aliyoidai kwa Barghash, ambaye sasa ndiye alikuwa Sultani, hakuipata. Punda, farasi, nyumba, paundi 5,429: vyote upepo. Akabaki kufundisha Kiarabu, na kuandika. Leo tunamjua kwa kalamu ile aliyoiiba.

Sasa vukeni nami bahari, kwenda kaskazini mpaka visiwa vya Lamu. Mwaka uleule wa 1856 alipofariki Sayyid Said, alifariki pia mmoja wa maadui zake wakubwa: Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, aliyepigana kwa miaka mingi asitawaliwe na Unguja. Alimwacha mjane, Mwana Kupona binti Mshamu, na binti, Mwana Hashima, aliyezaliwa yapata mwaka 1841. Miaka miwili baadaye, mama akiwa mgonjwa na akijua siku zake zinahesabika, alitafakari amwachie nini mwanawe wa miaka kama 17. Zawadi aliyoichagua tunayo mpaka leo: utendi wake wa mwaka 1858.

Kila msomaji wa fasihi ya Kiswahili anaujua Utendi wa Mwana Kupona, na wengi, wanawake hasa, wana ugomvi wa haki na mafunzo yake kuhusu utii wa mke. Ugomvi huo uendelee. Mimi leo nataka mtazame mwanzo tu. Mama anamwita binti asogee, akae, aje na wino na karatasi. Yaani kule Unguja binti wa mfalme anaficha mfupa wa ngamia asionekane anaandika. Huku Pate mama mgonjwa anaagiza wino uletwe. Kisha anamwahidi kidani cha lulu na marijani, na kidani chenyewe ni yale maneno. Hawakuwa maskini hawa, walikuwa watu wa nyumba kubwa. Ni kwamba mama alijua kidani cha dukani kinaweza kuuzwa siku ya shida, na alitaka kumwachia kisichouzika. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alishika njia hiyohiyo, akatunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume.

Mtu ataniambia: mbona unagombanisha vitu visivyogombana? Si mtoto anaweza kupewa gari na wosia pamoja? Mwaka jana, ndugu zangu walipokuwa wakijadili kumnunulia mtoto wa kaka Range Rover kwa kumaliza kidato cha sita, kijana mwenyewe aliniuliza vivyo hivyo, kwa adabu kabisa: "Ba'mdogo, kwani ukipanda gari zuri huwezi kusoma vitabu?" Nikamwambia unaweza, mwanangu. Na kaka naye alikuwa na lake, zito zaidi. "Mimi nimesimama kituoni miaka saba," alisema, "konda ananisukuma kwa sababu nalipa nusu nauli. Wanangu hawatasukumwa." Hoja hiyo siwezi kuidharau. Mzazi aliyesukumwa ana haki ya kumkinga mwanawe, na kwa binti anayerudi usiku kutoka masomoni, usafiri wa uhakika ni usalama, hauna anasa yoyote.

Ila kumkinga mtoto na konda kunahitaji gari. Hakuhitaji gari la fahari. Hapo ndipo historia ya Salme inaponisaidia. Shida ya punda mweupe haikuwa kwamba alimharibu binti. Hatuna ushahidi wowote kwamba alimharibu. Shida ni kwamba zawadi kubwa humridhisha mtoaji. Sayyid Said alikuwa baba mwenye upendo, binti yake anamtaja kwa mahaba kitabu kizima. Alipomkabidhi mtoto mnyama wa thamani ile, bila shaka alijiona ametimiza wajibu wake. Kumbe kilichokuwa kinahitajika kilikuwa kalamu, na mtoto akaachwa akaitafute gizani. Baba wa leo akishalipa mamilioni, hujiona amemaliza. Muda wa kukaa na mtoto, kumweleza pesa inatoka wapi, kumwambia ukweli kuhusu maisha, unaonekana ni nyongeza tu, unaweza kungoja.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wanaonitaka niuseme wazi, ni huu. Kijana afundishwe kuendesha, tena vizuri, na mtu mzima akae pembeni yake kwa miezi, siyo kwa wiki. Akiwa na umri na leseni, atumie gari la nyumbani, la kawaida, la kupokezana na wengine. Aonyeshwe risiti za mafuta, za bima, za tairi, na aambiwe zimelipwa kwa kazi gani na ya nani. Gari la fahari akalinunue mwenyewe siku moja akilitaka. Atakuwa anajua linasema nini likipita kituoni.

Na mzazi ambaye tayari ameshika funguo mkononi, namwomba jambo moja kabla hajazitoa. Akae na mwanawe jioni moja, simu zikiwa mbali, amwambie yale ambayo angetaka mtoto ayajue kama yeye kesho hayupo. Kama ana la kumwambia, na mtoto amelisikia, basi gari libaki kuwa gari tu. Kama hana, arudi dukani na zile funguo.