Noo, Kinoo na Wembe wa Kinyozi

Kinolewacho hupata, walisema wahenga. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni nadra kujiuliza: chanolewa kwa jiwe gani? Jiwe lifaalo kwa panga halifai kwa wembe. Ukinoa wembe kwa jiwe la chembe kubwa, makali huota meno, nayo hukwangua shavu badala ya kulinyoa.

Warumi wa kale walilijua jambo hili. Plinius Mzee, aliyefariki mwaka 79 B.K. wakati wa mlipuko wa mlima Vesuvio, aliandika kwamba yapo mawe ya kunolea yatakayo mafuta, yapo yatakayo maji, na yapo ambayo vinyozi waliyatumia kwa mate. Kwa Kilatini noo huitwa cos, na noo ndogo coticula. Nasi vivyo hivyo twasema noo na kinoo. Lugha mbili zisizo na undugu zimelipunguza jina la chombo kimoja kwa njia moja.

Kutokana na neno hilo la Kilatini limepatikana jina coticule, yaani jiwe la manjano lichimbwalo katika vilima vya Ardennes, nchini Ubelgiji, karibu na Vielsalm na Lierneux. Jiwe hilo limelala kwa matabaka membamba, limeshikamana na mwamba wa rangi ya buluu iliyoelekea zambarau. Ndani yake zimo chembe za ganeti, ndogo mno zisionekane kwa macho. Chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha wembe, lakini umbo lake lakaribia mviringo. Kwa hiyo hula chuma bila kukichimba sana.

Mwenye kuchagua jiwe hilo hutazama mambo machache: lisiwe na ufa wala mshipa mgumu utakaokwaruza makali, uso wake uwe sawasawa, na upana wake uuchukue wembe bila kuyumba. Kisha hulisugua kwa kipande kidogo cha jiwe lilo hilo pamoja na maji, mpaka litoke tope jepesi. Tope ndilo linoalo upesi. Baadaye huongeza maji kidogo kidogo, amalizie kwa maji matupu, na mwisho wembe hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi.

Mwaka 1904 King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza ya wembe wa usalama, ambao ukiisha makali hutupwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani waligawiwa nyembe za namna hiyo, nao wakarudi makwao na mazoea mapya. Mawe yaliyotengenezwa viwandani nayo yakazidi kuenea. Machimbo ya Ardennes yakafungwa moja baada ya jingine, ingawa kabla ya karne ya ishirini kwisha uchimbaji ulianzishwa tena kwa kiasi kidogo.

Jiwe halikuwa limekwisha ardhini. Lililokaribia kwisha ni ujuzi wa mikono iliyoweza kulitambua jiwe jema.

Nasi walimu tuna la kujifunza hapo. Mwanafunzi aliyezoea wembe wa kutupwa huifahamu methali yetu kwa kuikariri tu, kinoo hajakigusa. Basi siku ya kuifundisha, tuingie darasani na jiwe, maji na kisu butu, tumwachie anoe mwenyewe.