Zulia na Adui Zake

Pengine nyumbani kwenu, msomaji, kuna zulia. Huenda ni dogo, lililotandikwa kando ya kitanda. Huenda ni kubwa, la kufunika sebule nzima. Kila siku walikanyaga, wala hulifikirii. Siku ya Jumamosi waambiwa ulitoe nje ulikung'ute, nawe wanung'unika, kwa kuwa vumbi laingia puani na mkono wachoka. Leo nataka nikusimulie habari za kazi hiyo unayoidharau. Ina historia ndefu, na ndani yake wamo wezi, mfalme, wahunzi wa rangi, na mfagiaji mmoja aliyekuwa na pumu.

Kwanza yafaa ujue zulia hufumwaje. Mfumaji hutandaza nyuzi za mtande katika kitanda cha kufumia. Kisha hufunga fundo moja la sufu, halafu la pili, halafu la tatu, mpaka amalize mstari mmoja. Hupitisha uzi wa mshindio, hupigilia kwa kitana kizito, ndipo aanze mstari mwingine. Zulia kubwa laweza kuwashughulisha watu kadhaa kwa miaka. Kwa hiyo, ulikanyagapo zulia la namna hiyo, wakanyaga siku nyingi za maisha ya watu.

Zulia kongwe kuliko yote ya mafundo yaliyosalia zima lilipatikana mwaka 1949 katika bonde la Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia. Mchimbuzi wake alikuwa Mrusi, Sergei Rudenko. Lilizikwa pamoja na mkuu mmoja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lilisalimikaje muda huo wote? Zamani sana wezi walilitoboa kaburi wakachukua walichokitaka. Maji yakapenya kwa tundu lao, yakaganda kuwa barafu, na barafu isiyeyuke tena. Katika barafu hakuna nondo, hakuna mwanga wala kuoza. Wezi walikuja kuharibu, wakahifadhi pasipo kujua.

Lakini si kila zulia lina bahati ya kuzikwa katika barafu. Sikiliza habari za mazulia mawili ya Ardabil, mji wa kaskazini magharibi ya Iran. Yalifumwa kama pacha, nayo yana tarehe ya mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540 wa Miladi. Lile kubwa lina urefu wa zaidi ya mita 10 na mafundo zaidi ya milioni 25. Baada ya kukanyagwa kwa karne tatu na zaidi, yote mawili yalikuwa yamechakaa. Basi katika karne ya 19 uamuzi mchungu ulifanywa: moja likakatwa ili vipande vyake vimtibu mwenzake. Lililotibiwa lilinunuliwa mwaka 1893 na jumba la makumbusho ambalo sasa laitwa Victoria and Albert, huko London, kwa paundi 2,000. Lililokatwa, lisilo na pindo zake, limo Los Angeles, Marekani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nao waliochelewa kushona tundu dogo walilazimika kulitoa mhanga zulia zima.

Hata leo zulia la London huogopewa mwanga. Tangu mwaka 2006 limo katika kasha kubwa la kioo, na taa zake huwashwa kwa dakika 10 tu katika kila nusu saa, kwa maana mwanga huzipausha rangi.

Kwetu Afrika ya Mashariki mgeni alikaribishwa tangu zamani juu ya mkeka wa ukindu. Mazulia ya Uajemi yalitufikia kwa bahari. Majahazi ya Ghuba yaliteremka kwa pepo za kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakiwa na tende, masanduku na mazulia. Kusi ilipovuma yakarudi na boriti za mikoko. Biashara hiyo iliendelea hata katikati ya karne ya 20, na wazee wengi wa Mji wa Kale wa Mombasa waliyaona mazulia yakitandazwa bandarini ili wanunuzi wachague.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe. Kwa karne nyingi silaha zilikuwa tatu tu: ufagio, fimbo na maji ya mto. Karibu na Kashan, Iran, katika kijiji cha Mashhad-e Ardehal, kuosha zulia kumekuwa ibada. Kila mwaka, majira ya majani kupukutika, watu hulichukua zulia hadi kijitoni, huchovya fimbo majini na kulinyunyizia, kwa kumkumbuka Soltan Ali, ambaye mwili wake, kwa masimulizi yao, ulibebwa katika zulia. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Mambo yalibadilika mwaka 1901. Mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alionyeshwa mashine iliyopuliza vumbi. Akauliza, kwa nini isilifyonze? Inasimuliwa kwamba alitandika leso juu ya kiti, akaweka mdomo, akavuta pumzi kwa nguvu. Akapaliwa na vumbi, lakini leso ilionyesha uchafu uliobaki. Mashine yake ya kwanza ilivutwa na farasi, ikasimama barabarani, na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster kabla ya kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba.

Hiyo ilikuwa mashine ya matajiri. Aliyeifanya iwe ndogo hakuwa tajiri. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji wa duka huko Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Kila alipofagia mazulia alikohoa. Akaunganisha feni ya umeme, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1908. Muda si mrefu akamwuzia William Hoover, na jina la mnunuzi ndilo lililokuja kujulikana duniani. Kumbuka hilo, msomaji: aliyevuta vumbi kifuani ndiye aliyelijua tatizo.

Na rangi je? Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kuunda kwinini, dawa ya malaria. Hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Rangi za viwandani zikaenea hata Uajemi, lakini nyingi za mwanzo zilichuja majini na kupauka juani, mpaka watawala wakazipiga marufuku.

Kutoka katika historia hii, chukua mafunzo ya kazi yako. Chembe za mchanga ni kama visu vidogo: kila mguu ukikanyaga, hukata nyuzi, basi lisafishe zulia kabla halijaonekana chafu. Usilisugue kwa maji ya moto, kwa kuwa sufu hujikunja na kushikana. Gusa kwanza pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikipata rangi, acha. Kitu kikimwagika, kifyonze kwa kitambaa, usikisugue. Likaushe pande zote mbili, kivulini penye upepo. Uliwekapo ghalani, lisafishe kwanza. Nondo hupenda giza na utulivu, na si nondo mwenyewe alaye sufu bali viwavi vyake. Mwisho, ligeuze kila baada ya miezi kadhaa ili miguu isikanyage mahali pamoja.

Jumamosi ijayo, basi, utakapoitwa, jifunge kitambaa puani na uende. Aliyelifuma hakujui, wala hutamjua. Lakini mmeshiriki kazi moja: yeye alifunga fundo, nawe walizuia lisifunguke.