Maji Makali ya Chunyu

Mtu wa pwani akisikia neno chunyu hukumbuka chumvi inayomganda ngozini akitoka kuoga baharini. Nilifika kijiji cha Chunyu, magharibi ya mji wa Mpwapwa, na kumbukumbu hiyo kichwani, na mkobani nilikuwa na makopo mawili ya bia ambayo rafiki aliniletea kutoka Uingereza. Nilikuwa nafuata kipande cha katikati cha njia ya kale ya misafara, ile iliyoanza Bagamoyo ikaishia Ujiji. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe kuwa urithi wa dunia, na vituo vya Mpwapwa na Kilimatinde vimo. Hapa watu walipita na pembe za ndovu mabegani, na wengine walipita na minyororo shingoni. Kwa wote, aliyebeba na aliyefungwa, swali la kila siku lilikuwa moja: leo tutakunywa nini?

Ukitoka Chunyu unaingia katika nyika ambayo vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vinaiita Marenga Mkali, yaani maji makali. Zilikuwa takriban kilomita 50 bila maji ya kunywa. Richard Burton na John Speke waliivuka mwaka 1857, na Henry Morton Stanley akaivuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na mbinu yake, wakiiita terekeza. Asubuhi walipika, wakala, wakajaza vibuyu. Alasiri jua likianza kulegea wakajitwika mizigo na kutembea hadi usiku, ili kesho yake wayafikie maji kabla jua halijawaka. Nilipoitazama nyika ile saa tisa mchana, migunga na vumbi jekundu hadi upeo wa macho, nilielewa kwa nini hawakuthubutu kuianza asubuhi.

Ng'ambo ya nyika ndiyo Ugogo yenyewe, nchi ya Wagogo. Mvumi, ambako Stanley alilipa hongo ya vitambaa ili apite, msafiri alipata tena vitu viwili alivyovikosa: maji ya visima na pombe ya nafaka. Burton aliiandika pombe hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wagogo wanaiita ujimbi, na bado inapikwa.

Katika kijiji kimoja mbele ya Mvumi nilimkuta mama akichuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Mtama alikuwa ameuloweka, akauacha uchipue, akauanika, akausaga. Hicho ndicho kimea. Uji wa uwele ulikuwa umepoa tangu juzi, ukachanganywa na kimea, ukapikwa tena, ukaachwa uchachuke. Sasa alikuwa anaumimina kwenye chujio la kusuka na kulikamua kwa mikono miwili. Kilichoshuka kwenye ndoo kilikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, na povu lake lilitoa sauti ndogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Machicha aliwatupia kuku.

Nilikunywa kata moja. Ni chachu, ni nzito, na baada yake nilikuwa nimeshiba. Ukungu wa ujimbi ni wanga, hamira na chembe za nafaka ambazo chujio haliwezi kuzishika. Haukuwekwa kwa ajili ya sura. Katika nchi inayopata milimita 500 hadi 600 za mvua, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kuitoa nafaka ndani ya pombe ni kuitupa. Wazee wa Ugogo wanajua thamani yake. Njaa ya Mtunya, iliyowapiga kati ya 1917 na 1920, ilikuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kukomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Nyumba yenye ujimbi ilikuwa nyumba yenye akiba. Na ujimbi haukai: ukiandaliwa leo, unanyweka leo na kesho, keshokutwa ni siki. Ni pombe ya wanaokaa, inayowaita majirani waje upesi.

Bia angavu na chungu ina asili nyingine. Ile inayoitwa IPA, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya bia ya rangi hafifu ya India, ilikua kutokana na safari. Mwishoni mwa karne ya 18 George Hodgson, mpika bia wa Bow, London, aliwauzia mabaharia wa meli za India bia za rangi hafifu zilizotiwa hopsi nyingi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, machungu sana, na uchungu wake huzuia vijidudu vinavyoharibu bia. Safari ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi minne, mitano, hata sita, ikavuka ikweta mara mbili, na bia ikafika ikiwa imetulia na kuwa safi kuliko ilivyoondoka. Katika miaka ya 1820 wapika bia wa mji wa Burton upon Trent, Samuel Allsopp akiwa mmojawapo, waliichukua biashara hiyo wakaitengeneza vizuri zaidi, kwa sababu visima vyao vilikuwa na maji makali. Maji yale hupita kwenye miamba ya jasi, na chumvi zake huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu, unaokatika ulimini bila kung'ang'ania, na kuisaidia bia kujichuja yenyewe hadi iwe angavu.

Uchungu unaolinda si jambo geni kwa mkulima wa Dodoma. Mtama mweupe ni mtamu, na kweleakwelea wakishuka shambani kwa maelfu wanaumaliza kwa siku chache. Mtama mwekundu wenye uchungu kwenye ganda huwachosha, wakaenda kwingine. Mkulima anayepanda mistari ya mtama mchungu na mpika bia anayeongeza hopsi wamefikia akili moja, mmoja kwa ajili ya ndege, mwingine kwa ajili ya bahari.

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma mwaka 1910, terekeza ilianza kufa, na mzigo wa siku nyingi ukawa wa siku moja. Bia ya chupa, angavu lakini isiyo chungu sana, ilipanda bara kwa behewa; nyingine ilitengenezwa Dar es Salaam kwenyewe. Baa za Dodoma zimejaa bia hizo hadi leo.

Sasa dunia ya bia za viwanda vidogo imegeukia ukungu. Mtindo huo ulianzia jimbo la Vermont, Marekani, ambako kiwanda cha The Alchemist kiliipa umaarufu bia yake ya Heady Topper. Wapishi wanaongeza nafaka ya oti na ngano, wanachelewesha hopsi hadi mwisho ili zitoe harufu ya embe na pasheni bila uchungu mwingi, na bia inatoka nzito kama juisi. Wanaoipenda wanasema uchungu wa zamani ulikuwa adhabu, na kwamba harufu ile ni furaha. Harufu yake nzuri siikatai. Ninacholalamikia ni kwamba ukungu wake haumlishi mtu wala haumsindikizi popote. Bia hiyo huharibika haraka ikiguswa na hewa, hubadilika rangi ikawa kijivu, na hutaka friji tangu kiwandani hadi mdomoni. Haiwezi kusafiri, na bado inauzwa kwa jina la bia ya safari.

Mama alitaka kujua kilichomo makopo yale, nami nikayafungua yote mawili, ya moto kama yalivyokuwa. Ya kwanza, angavu, niliimimina kwenye glasi, akaiinua, akaona kuku wake kupitia ndani yake. Akanywa funda moja, akakunja uso, kisha akanywa la pili.

"Kali," akasema. "Kama maji ya Chunyu. Lakini inasafisha mdomo."

Ya pili, ya ukungu, ilikuwa imeshaanza kuwa ya kijivu. Aliinusa, akaonja, akaitazama kwa muda.

"Hii mwanangu, imechujwa au haijachujwa?"

Nilimweleza kwamba haijachujwa kwa makusudi. Akauliza kama basi inashibisha. Nikasema hapana. Akauliza kama inakaa. Nikasema hapana. Akairudisha glasi mezani taratibu, kwa heshima ya mgeni, akaendelea kukamua chujio lake.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako misafara ilipumua ikijua sehemu mbaya ya Ugogo imebaki nyuma. Mbele yake kidogo, kando ya reli, ni Itigi, na Itigi wanachimba jasi, inayopakiwa kupelekwa viwanda vya saruji. Niliokota kipande barabarani: cheupe, laini, kikavu, kinachokwaruzika kwa ukucha. Ni madini yale yale yaliyoyafanya makali maji ya Burton upon Trent. Uwanda huu una mtama, una jasi, una maji makali, na una watu wanaojua kwa nini kitu kiwe kichungu. Siku mpika bia wa Dodoma atakapoamua kutengeneza bia ya kusafiri, itakayoteremka hadi Bagamoyo na kupanda hadi Ujiji bila kuharibika, hatalazimika kuiga ukungu wa mtu. Wa nyumbani tayari upo, umo kwenye ndoo ya mama yule, nao una sababu yake.