Mbuzi Mdogo wa Uani: Jinsi Alivyoondoka Nkubu na Jinsi Alivyorudi

Halmashauri ilitutaka tuandike katika taarifa ya mwaka huu habari za ufugaji wa mbuzi, kwa sababu ya maneno mengi yaliyotokea mkutanoni juu ya beberu wa chama. (Tusemapo beberu tunamtaja mume wa mbuzi, ile maana nyingine ya siasa wazee wameisikia ya kutosha.) Tumeona si vema kuzungumza juu ya beberu mmoja pasipo kukumbuka kwanza mambo yaliyomtangulia.

Mbuzi wa asili wa nchi hii ni mdogo. Jike aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi, na maziwa yake, ukiisha kumwachia mtoto sehemu yake, hayazidi kikombe. Lakini wazee hawakumfuga kwa ajili ya kikombe. Mbuzi alikuwa mahari, alikuwa faini, alikuwa karamu ya mgeni, naye alikuwa neno la kupatanisha wagombanao. Mbele ya Njuri Ncheke kesi nyingi hazikwisha kwa maneno matupu, ila kwa mbuzi au fahali. Tena si lazima mbuzi wote wa mtu waonekane nyumbani kwake: wengine waliwekwa kwa marafiki katika nchi ya chini, kuelekea Mitunguu na Tharaka, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili usalie. Kwa hiyo aliyeonekana na mbuzi watatu uani huenda alikuwa tajiri, na jirani zake walijua.

Mwaka wa 1908 Bwana E. B. Horne aliweka boma la serikali Meru, ikafuata kodi ya nyumba. Hapo ndipo mbuzi alipoanza kugeuka fedha. Mwenye haja ya rupia alimpeleka sokoni yule ambaye baba yake angalimweka kwa mahari. Katikati ya miaka ya 1930 watu wa Meru waliruhusiwa kupanda kahawa, jambo ambalo Waafrika wa sehemu nyingi za Kenya walikuwa wamenyimwa. Kahawa ilileta neema, hakuna abishaye. Lakini kahawa na mbuzi hawakai pamoja bila ugomvi, na wakati ule ule maofisa wa kilimo walikuwa wakihubiri kila mahali kwamba mifugo, na mbuzi hasa, ndio waharibuo udongo. Ukambani neno hilo lilikwenda mbali zaidi: mwaka wa 1938 serikali ilipowapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, Wakamba waliandamana hadi Nairobi, kiongozi wao akiwa Muindi Mbingu. Kwetu mbuzi hakuandamaniwa na mtu. Alipungua kimya kimya.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952, na watu wengi wakakusanywa vijijini, mahali pasipo malisho. Mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ulifuata, nao ulitaka kila mtu awe na shamba lake lililopimwa, apande mazao ya kuuza, na kufuga ng'ombe wa gredi. Mashamba yalipokwisha kupimwa na kuzungushiwa ua, mbuzi alikosa njia. Pale alipopita baba yake kwa amani sasa palikuwa na mikahawa ya jirani, na majani machache yaliyotafunwa yaliweza kuwapeleka ndugu wawili kwa chifu. Watu wakawafunga mbuzi kwa kamba, na mbuzi wa kamba hukonda, maana hula pale pale anapokunya. Wengi waliwauza. Sisi wenyewe tulifundishwa shuleni kwamba mtu wa maendeleo ana ng'ombe, na mbuzi ni wa wazee wasiosoma. Nasi tuliliamini neno hilo kwa miaka mingi.

Kilichomrudisha mbuzi si mapenzi, ni hesabu. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, aliyerithi ekari mbili leo anawaachia watoto wake nusu nusu. Ng'ombe mmoja wa gredi hutaka karibu ekari nzima ya matete. Mjane mwenye robo ekari atamweka wapi?

Mwaka wa 1996 shirika la FARM-Africa lilianza kazi ya mbuzi wa maziwa katika Meru na Tharaka-Nithi, likaleta kutoka Uingereza mbuzi wa aina ya Toggenburg, ambao asili yao ni bonde la jina hilo katika nchi ya Uswisi: rangi ya kahawia, na mistari miwili myeupe usoni. Shauri lao lilikuwa la busara. Hawakumpa kila mtu mbuzi mgeni, ambaye angekufa kwa homa ya mapafu kabla ya mwenyewe kujua kumlisha. Waliweka mabeberu chini ya vikundi, na kila mtu akaleta jike wake mdogo wa asili. Mtoto wa kike anayezaliwa ni nusu kwa nusu. Akipandwa tena na Toggenburg, huzaa mwenye robo tatu. Chotara wa namna hii akilishwa vizuri hutoa lita moja na nusu, mbili, hata zaidi kwa siku. Katika miaka hiyo wafugaji waliunda chama chao cha wazalishaji wa mbuzi wa Meru, wakajifunza kuandika nasaba.

Nyumba yake ni ya mbao, sakafu imeinuliwa na kuachwa nafasi ndogo ili mavi yaanguke chini. Mavi hayo ndiyo yanayolisha migomba yetu. Chakula ni matete, majani ya viazi vitamu, na majani ya kaliandra, mti ambao wataalamu wa Embu waliwafundisha wakulima kuupanda kwenye kingo za shamba tangu miaka ya 1990. Jike hubeba mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa pacha. Hayo mengi wanachama wanayajua kuliko sisi tuandikao.

Sasa tunakuja kwenye beberu wetu, na hapa tunakiri kosa. Beberu hapaswi kukaa mahali pamoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu, maana binti zake watakuwa wamekomaa, naye hatambui binti. Wetu alikaa miaka mitatu. Alikuwa mpole, na boma lake lilikuwa karibu na barabara. Kila mtu aliona ni rahisi. Watoto walipoanza kuzaliwa dhaifu, wengine walilaumu dawa, wengine majani, hata wakatajwa majirani wenye kijicho. Tulipofungua daftari tuliona jambo lenyewe: kurasa nyingi hazikuandikwa jina la baba. Kosa hilo ni letu sisi wa ofisi kwanza.

Liko jambo la pili, ambalo mzee mmoja alilisema mkutanoni na wengi wakacheka. Aliuliza, kila mtu akiisha kupandisha damu ya kigeni, yule jike mdogo wa kwanza atatoka wapi? Tumehesabu katika nyua za wanachama walio karibu na Nkubu, tukawapata wa asili halisi wanne tu, na mmoja ni mzee. Huyo mdogo ndiye aliyezoea magonjwa ya hapa, ndiye avumiliaye kiangazi, na bila yeye hapangekuwa na chotara hata mmoja. Hatukucheka tena.

Kwa hiyo Halmashauri italeta maneno mawili mbele ya mkutano mkuu: beberu abadilishwe na wa kikundi kingine kabla ya mvua za Machi, na fedha kidogo itengwe ili majike wa asili wanunuliwe huko chini na kuwekwa kwa wanachama wawili, pamoja na dume la asili, pasipo kuchanganywa. Daftari jipya liko mezani kwa karani. Mwanachama asiyemjua baba ya mbuzi wake na aje alitazame kabla ya kumpeleka jike kupandwa.