Safari ya ndege Nairobi–New York

Safari ya ndege Nairobi–New York ni safari ya moja kwa moja kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta nchini Kenya na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa John F. Kennedy nchini Marekani. Umbali wake ni takriban kilomita 11,840. Kwenda New York huchukua muda wa saa 15 hivi, na kurudi Nairobi kama saa 14. Ilianzishwa na shirika la Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234.

Kabla ya hapo abiria walilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Addis Ababa au katika nchi za Ghuba. Njia ilifunguka Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Bila daraja hilo ndege za Kenya zisingeweza kuanzisha safari za kwenda huko.

Njia

Kwenye ramani bapa, mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York hupita juu ya Nigeria na Mali. Njia hiyo siyo fupi kuliko zote. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi kabisa hupinda kaskazini: Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, kisha Moroko, ambako safari huwa imefika karibu nusu, halafu bahari ya Atlantiki. Marubani huweza kuiacha kidogo kwa sababu ya hali ya hewa au anga iliyofungwa.

Muda

Tofauti ya saa moja kati ya kwenda na kurudi hutokana hasa na upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo zinakopita ndege kubwa, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hukabiliana nao. Irudiyo husukumwa nao.

Ugumu mwingine uko Nairobi kwenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati ule wa John F. Kennedy uko karibu na usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya nyanda za juu hupunguza nguvu za injini na uwezo wa mabawa kuinua ndege, na joto la mchana huzidisha tatizo. Ndege yenye mafuta ya saa 15 ni nzito mno, kwa hiyo huenda ikabidi kupunguza mizigo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, husaidia.

Saa za tiketi

Tiketi huonyesha saa za mahali husika, jambo linalowachanganya wengi. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi na saa 7 majira ya joto. Majira ya baridi, ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku na kusafiri kwa saa 15, hufika New York saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba imetumia saa 7 tu. Wakati huo Nairobi ni saa nane mchana.