Nesi wa Wiki 13

Hadi miaka ya 1950, chumba cha dharura katika hospitali nyingi za Marekani hakikuwa na daktari wake. Madaktari walipeana zamu bila kujali utaalamu wao, na usiku wa manane aliyempokea majeruhi alikuwa nesi, ambaye baadaye ndiye aliyempigia daktari simu nyumbani.

Mwaka 1961, mjini Alexandria, Virginia, Dk. James Mills na wenzake walifunga kliniki zao, wakaifanya dharura kuwa kazi yao pekee, usiku na mchana. Huko Buffalo, New York, nesi Anita Dorr alichoshwa na dakika zilizopotea watu wakihangaika kutafuta vifaa mgonjwa akikata roho. Akabuni toroli lililokusanya vifaa vyote vya kuokoa maisha, likisukumwa hadi kitandani. Mwaka 1970 yeye na Judith Kelleher wa California waliasisi chama cha wauguzi wa dharura. Kazi iliyokuwa ikisukumiwa yeyote aliyekuwa karibu ikawa fani.

Fani hiyo haikuwa na watu wa kutosha. Majimbo ya joto kama Florida na Arizona yalifurika wazee kila kipupwe, wakikimbia baridi ya kaskazini, kisha wakaondoka. Kuajiri watu wa kudumu kwa ajili ya msimu ni hasara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mawakala wakapata biashara: kumtoa nesi jimbo moja, kumpangia nyumba katika jimbo jingine, na kumfunga kwa mkataba ambao kawaida yake ilikuja kuwa wiki 13.

Mwaka 1986 sheria mpya ilivibana vitengo vya dharura zaidi. Kila anayefika lazima apimwe na hali yake itulizwe, awe na pesa au asiwe nazo. Wodi ikijaa husema imejaa. Kitengo cha dharura hakina ruhusa hiyo. Waliokwisha kulazwa hungojea kitanda humo humo, huku wapya wakiendelea kuingia.

Kikwazo kilichobaki kwa nesi wa kuhama jimbo hadi jimbo kilikuwa leseni. Tangu North Carolina ilipotunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1903, kila jimbo lilijiwekea mlango wake. Mwaka 2000 Texas, Utah na Wisconsin zilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kutambua leseni za wenzao. California haikujiunga, lakini mwaka 2004 ilianza kudai nesi mmoja wa dharura asihudumie wagonjwa zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Hospitali zake zikazidi kuhitaji manesi wageni.

Korona ilipoifikia New York mwaka 2020, gavana aliruhusu kwa amri ya dharura leseni za majimbo mengine. Malipo ya mikataba yakapaa. Nesi mwenyeji akajikuta akimwelekeza mgeni dawa zilipo, ilhali mgeni huyo analipwa mara kadhaa zaidi yake kwa zamu ile ile. Wengi wakaacha ajira, wakasaini mikataba. Hospitali iliyompoteza mtu wake ikampigia wakala simu, ikaletewa mtu aliyeacha pengo kama hilo kwingine. Mpango uliobuniwa kuziba upungufu wa msimu ukawa sababu mojawapo ya upungufu wa mwaka mzima.