Baba Aliyeruka Usiku

Leo nataka tuongee juu ya ile Amri ya Tano, ya kuheshimu wazazi, lakini tutapitia mbali kidogo: Freetown, Sierra Leone.

Huko ndiko alikozaliwa John Henry Smythe mwaka 1915. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alijitolea kuingia Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Kumbuka kwamba hadi mwaka 1939 mtu mweusi hakuweza kuwa afisa humo. Kanuni ilitaka mtu mwenye asili ya Kizungu tupu. Vita ndivyo vilivyolazimisha mlango kufunguliwa. Smythe akafundishwa kuongoza njia katika ndege za mabomu aina ya Stirling.

Hiyo kazi wengi wetu hatuielewi. Ndege inaruka usiku bila taa, na miji ya chini nayo imezimwa taa. Mwongoza njia ameinama juu ya meza ndogo na ramani, penseli na saa. Anapiga hesabu za kasi na upepo, kisha anamwambia rubani ageuke wapi na saa ngapi. Akikosea hesabu, wote waliomo wanapotea pamoja naye. (Sisi tunapotea Nairobi na simu iko mkononi!) Nje kuna baridi kali, mizinga inafyatuliwa kutoka chini, na ndege za adui zinawinda gizani. Stirling haikuweza kupaa juu kama Lancaster, kwa hivyo mizinga iliifikia kwa urahisi zaidi.

Zamu moja ilikuwa safari 30. Kati ya vijana kama 125,000 waliohudumu katika kikosi hicho cha mabomu, 55,573 walikufa. Karibu nusu, wapendwa.

Smythe alikuwa amekaribia kumaliza zamu yake Novemba 1943, ndege yake ilipotunguliwa Ujerumani. Aliruka kwa parachuti akiwa amejeruhiwa, akajificha ghalani, wakamkamata. Mwezi huohuo Stirling ziliondolewa kwenye mashambulizi ya Ujerumani! Yeye alikuwa tayari mfungwa. Walimpeleka kambi ya Stalag Luft I, kule Barth, akakaa hadi Warusi walipofika mwaka 1945.

Mwaka 1948 alikuwa afisa ndani ya meli ya Empire Windrush, iliyopeleka mamia ya watu wa Karibi Uingereza. Baadaye alisomea sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki mwaka 1996, na mwanawe amekuwa akisimulia habari zake hadharani.

Sasa, kuna jambo gumu ambalo mtoto wa baba kama huyu hawezi kulikwepa. Mabomu yale yaliua akina mama na watoto. Hamburg peke yake, Julai 1943, walikufa zaidi ya watu 30,000. Ndiyo sababu moja Uingereza iliona haya kuwaheshimu vijana hawa. Mnara wao mkubwa pale Green Park, London, ulifunguliwa mwaka 2012, miaka 67 baada ya vita, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Na maandishi yake yanawakumbuka pia watu wa mataifa yote waliouawa na mabomu.

Mimi naona walifanya vyema. Biblia haikuficha habari ya Daudi na Uria, na bado Yesu akaitwa Mwana wa Daudi. Mtoto anaweza kusema, baba yangu alikuwa jasiri, na pia kusema, chini yake kulikuwa na watu. Yote mawili ni kweli. Anayesimulia nusu moja tu amemchonga baba mwingine.

Hapa kwetu tuna wazee wa KAR waliopelekwa Burma. Wengi walirudi wakanyamaza, na sisi hatukuwauliza. Sasa wamebaki wachache mno. Kama babu yako alikuwa mmoja wao, wiki hii mpigie shangazi yako simu. Muulize lile sanduku la bati la mzee liko wapi, na ndani mlikuwa na nini.